Dakika za Kuchaji, Dakika za Kupumzika: Chaja za Magari ya Umeme Barabarani na Afya ya Msafiri

Gari la mafuta linaposimama kituoni, shughuli yake humalizika kwa dakika tano: tangi hujazwa, fedha hulipwa, safari huendelea. Gari la umeme lililo katika safari ndefu husimama kwa muda mrefu zaidi, aghalabu kati ya dakika 20 na 40. Wahandisi wengi huuona muda huo kuwa kasoro inayopaswa kuondolewa. Kwa jicho la tabibu, muda huohuo una thamani yake. Dereva analazimishwa na chombo chake kufanya jambo ambalo kampeni za usalama barabarani zimemsihi alifanye kwa miaka mingi, yaani kusimama, kuteremka na kuupumzisha mwili.

Hata hivyo, kusimama peke yake hakutoshi. Dereva anayesubiri betri ijae akiwa juani, mahali pasipo choo, maji wala kiti, anaweza kurudi barabarani akiwa amechoka kuliko alivyofika. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa mahali pa kujenga chaja kwenye barabara kuu ni uamuzi wa afya ya jamii, hata kama wanaouchukua ni wahandisi wa umeme, wafanyabiashara na mamlaka za barabara. Nchi zilizotangulia katika ujenzi huo zimefanya uamuzi huo kwa njia tofauti, nazo zina mengi ya kufundisha nchi ambazo ndiyo kwanza zinaanza.

Umeme mwingi kwa muda mfupi

Ili kuelewa kwa nini chaja haziwekwi popote, ni vyema kuanza na hesabu. Chukua gari dogo lenye betri ya kilowati-saa 60. Kuijaza kutoka asilimia 10 hadi 80 kunahitaji kilowati-saa 42. Chaja ya nyumbani ya kilowati 7 itaifanya kazi hiyo kwa saa 6. Chaja ya kasi ya kilowati 150 ingeimaliza kwa dakika 17 kama ingetoa nguvu yake yote mfululizo, lakini betri haipokei umeme kwa kiwango kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kadiri inavyojaa, hasa inapofikia asilimia 80, hupunguza kasi ya kupokea ili isipate joto la kuiharibu. Ndiyo maana dereva mzoefu hasubiri asilimia 100. Huondoka kwenye 80 na kusimama tena mbele ya safari.

Chaja nne za aina hiyo zikifanya kazi kwa pamoja huhitaji kilowati 600. Mzigo huo hauwezi kubebwa na waya wa kawaida unaowasha taa za choo na kibanda cha mlinzi. Unahitaji transfoma yake na njia ya umeme wa msongo wa kati. Kuvuta njia hiyo hadi mahali palipo mbali na mji ni gharama kubwa, wakati mwingine kuliko chaja zenyewe. Hapo ndipo mvutano unapoanza. Mjenzi huvutwa kwenda palipo na umeme tayari, kama vile ukingoni mwa mji au kwenye maegesho ya maduka, ilhali mwili wa dereva huhitaji kupumzika katikati ya safari, mara nyingi mahali ambapo umeme huo haujafika.

Mwili hudai haki yake

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka. Ukanda wa Afrika una takriban asilimia 3 tu ya magari ya dunia, lakini hubeba karibu asilimia 19 ya vifo hivyo. Sababu ni nyingi, na uchovu ni miongoni mwa zile ambazo ni vigumu kuzithibitisha, kwa kuwa hakuna kipimo cha damu wala cha pumzi kinachoweza kuonyesha baada ya ajali kwamba dereva alikuwa amesinzia.

Kinachofahamika vizuri ni jinsi usingizi unavyofanya kazi. Ubongo uliochoka hujikatia usingizi wa sekunde chache bila idhini ya mwenyewe, hata macho yakiwa wazi. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu meta 28 kila sekunde. Usingizi wa sekunde nne unatosha kulipeleka zaidi ya meta 110 bila mtu wa kuliongoza. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hupungukiwa na umakini kwa kiasi kinacholingana na mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Hatari huongezeka katika saa ambazo saa ya ndani ya mwili huita usingizi, yaani kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, na tena alasiri baada ya chakula cha mchana.

Madereva wengi hujitibu kwa kufungua dirisha au kuongeza sauti ya redio. Watafiti Horne na Reyner wa Chuo Kikuu cha Loughborough nchini Uingereza walizipima mbinu hizo katika miaka ya 1990 kwa kutumia chombo cha kuigiza uendeshaji, wakaona kwamba nafuu yake ni ndogo na haidumu. Kilichosaidia ni usingizi mfupi usiozidi dakika 15, au kahawa yenye miligramu zipatazo 150 za kafeini, na zaidi ya yote mawili hayo yakiunganishwa. Kahawa hunywewa kwanza, kisha dereva hulala. Kwa kuwa kafeini huchukua kama nusu saa kufanya kazi barabara, humkuta akiamka. Kwa jumla, tiba hiyo huchukua takriban dakika 30. Muda huo ni uleule wa kuchaji betri.

Jambo la pili ni mzunguko wa damu. Mradi wa utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotoa matokeo yake mwaka 2007 ulibaini kwamba safari ya kukaa kwa saa nne au zaidi huongeza takriban maradufu uwezekano wa damu kuganda ndani ya vena za miguu, na kwamba hatari hiyo haiko kwenye ndege peke yake. Ipo pia kwenye basi, gari dogo na treni. Kwa mtu mwenye afya njema uwezekano wenyewe ni mdogo. Lakini kwa mjamzito, mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji, mwenye saratani au aliyewahi kupata tatizo hilo, kutembea kwa dakika chache kila baada ya saa mbili ni kinga yenye maana, kwani misuli ya ndama za miguu ikikaza na kulegea husukuma damu irudi moyoni.

Jambo la tatu huzungumzwa kwa aibu, nalo ni choo. Msafiri wa mabasi ya masafa marefu nchini Tanzania anafahamu maana ya kusimama porini ili abiria “wakachimbe dawa”. Kwa wanaume hilo ni usumbufu. Kwa wanawake, wazee na watu wenye ulemavu ni fedheha na hatari, na wengi huikwepa kwa kutokunywa maji tangu jioni ya kuamkia safari. Kunywa maji kidogo huongeza uwezekano wa mawe kwenye figo, na kwa wanawake wenye historia ya maambukizi ya njia ya mkojo huyapa maradhi hayo nafasi ya kurudi. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini huhitaji zaidi: mahali safi pa kujichoma sindano, chakula kwa wakati, na mahali pa kuitupa sindano iliyotumika.

Marekani: chaja huku, mapumziko kule

Nchini Marekani, mvutano kati ya umeme na mapumziko umeongezewa uzito na sheria. Barabara kuu zinazounganisha majimbo zilianza kujengwa kwa sheria ya mwaka 1956, na serikali ya shirikisho ilikataza biashara katika maeneo ya kupumzikia yaliyojengwa kando ya barabara hizo kuanzia mwaka 1960. Kusudi lilikuwa kuwalinda wafanyabiashara wa miji ambayo barabara mpya ziliipita kwa mbali. Hivyo maeneo mengi ya kupumzikia yana vyoo, maji, meza na kivuli, lakini hayana duka wala pampu ya mafuta. Kinachoruhusiwa ni mashine za kuuzia vinywaji na vitafunio.

Sheria hiyo iliandikwa kabla ya zama za chaja za kasi za magari ya umeme. Kwa kuwa kumuuzia dereva umeme ni biashara, marufuku imezigusa chaja pia. Mwaka 2021 Bunge la Marekani lilipitisha mpango wa dola bilioni 5 wa kujenga chaja kando ya barabara kuu, na mwongozo wake wa awali ulitaka kituo kimoja kila maili 50, yaani kilomita 80, kisichozidi maili moja kutoka barabarani, chenye chaja nne za kilowati 150 kila moja. Vituo hivyo vililazimika kwenda kwenye maduka, migahawa na vituo vya mafuta karibu na njia za kutokea.

Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kulipita eneo tulivu lenye vyoo na miti kwa kuwa halina umeme wa kumuuzia, akaenda kuchaji nyuma ya duka lililofungwa saa tatu usiku, pasipo choo wala taa ya kutosha. Ni kweli kwamba vituo vingine vimejengwa kwenye migahawa mizuri inayofunguliwa usiku kucha. Lakini huko afya ya dereva hutegemea bahati ya mahali na hiari ya mwenye duka. Sheria iliyokusudiwa kulinda biashara za miji midogo imemtenganisha dereva na mapumziko yake bila mtu kukusudia.

Ulaya: kilomita 60 na dakika 45

Umoja wa Ulaya umechukua njia nyingine. Kanuni yake ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Aprili 2024, inaagiza kwamba kwenye mtandao mkuu wa barabara za bara hilo pawe na kituo cha kuchaji magari madogo kila kilomita 60 kwa kila upande, chenye jumla ya angalau kilowati 400 kufikia mwisho wa 2025 na kilowati 600 kufikia mwisho wa 2027. Ujerumani, katika mpango wake wa kitaifa wa chaja, ilitenga takriban maeneo 200 ya kupumzikia yasiyo na mgahawa wala kituo cha mafuta, yakiwa na chaja zipatazo 1,000. Ni maeneo yanayofanana na yale ya Marekani. Tofauti ni kwamba dola iliamua umeme uwafuate watu mahali wanapopumzika.

Upande wa malori una mafunzo zaidi. Kanuni ya Ulaya ya mwaka 2006 humtaka dereva wa lori kupumzika kwa dakika 45 baada ya kuendesha kwa saa 4 na nusu. Mapumziko hayo ni ya lazima na hurekodiwa na kifaa ndani ya lori. Sasa lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa litakuwa limesafiri kilomita 360 kwa muda huo. Likitumia kilowati-saa 1.2 kwa kila kilomita, litakuwa limekula kilowati-saa 432. Kuzirudisha zote kwa dakika 45 kunahitaji chaja ya takriban kilowati 576, karibu sawa na kituo kizima cha magari manne madogo. Wahandisi wamekubali changamoto hiyo na kutengeneza chaja za kiwango cha megawati. Kwa maneno mengine, hapa ni afya ya dereva iliyopangia mashine muda wa kufanya kazi.

Kanuni hiyohiyo ya 2023 inataka pia chaja ziwekwe kwenye maegesho salama ya malori, mahali ambapo madereva hulala usiku. Kufikia mwisho wa 2027, kila eneo la namna hiyo linapaswa kuwa na angalau chaja mbili za kilowati 100. Nguvu hiyo si kubwa, lakini inatosha kabisa kwa mtu atakayelala saa tisa. Dereva aliyelala vizuri na betri iliyojaa huondoka pamoja asubuhi.

Hewa, moyo na kiti cha magurudumu

Kituo cha kuchaji kina mambo yake ya kiafya yanayohitaji uangalifu. La kwanza ni hewa. Gari la umeme halitoi moshi, na hiyo ni faida kubwa ukizingatia kwamba moshi wa dizeli uliwekwa mwaka 2012 katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Lakini vumbi la matairi na la breki lingalipo. Aidha, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipima hewa kwenye vituo 50 vya chaja za kasi na kukuta chembechembe laini za vumbi kwa viwango vya juu kuliko maeneo mengine ya mji. Chanzo kinachodhaniwa ni feni zinazopoza makabati ya umeme, ambazo huvuta vumbi lililotulia na kulirusha tena hewani. Viwango hivyo hupungua kadiri mtu anavyosogea mbali. Dawa yake ni rahisi ikifikiriwa mapema: makabati yawekwe mbali na viti na yasielekezwe mahali watoto wanapocheza, na feni ziwekewe vichujio.

La pili ni hofu ya wagonjwa wenye vifaa vya kurekebisha mapigo ya moyo vilivyopandikizwa kifuani. Utafiti uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2023 uliwafuatilia wagonjwa 130 waliochaji magari mara 561 kwa chaja zenye uwezo wa hadi kilowati 350. Hakuna kifaa hata kimoja kilichovurugika. Ushauri unaobaki ni wa tahadhari tu: mgonjwa asiulaze waya wa chaja kifuani, wala asiegemee mashine inapofanya kazi.

La tatu ni watu wenye ulemavu. Waya wa chaja ya kasi ni mzito na mgumu kupinda, na mashine nyingi zimesimikwa juu ya ukingo wa saruji ambao kiti cha magurudumu hakiwezi kuupanda. Uingereza ilichapisha mwaka 2022 kiwango maalumu kinachoeleza urefu wa skrini na tundu la waya kutoka ardhini, nafasi kati ya nguzo za kinga, na uso wa sakafu. Kuyazingatia hayo wakati wa kujenga ni rahisi kuliko kubomoa baadaye.

Afrika Mashariki iko mwanzoni

Katika eneo hili, magari ya umeme yanaingia kupitia pikipiki, bajaji na mabasi ya mjini, ambayo huchajiwa nyumbani au kwenye yadi. Lakini safari ndefu zi njiani. Ethiopia ilizuia uingizaji wa magari binafsi ya mafuta mwaka 2024. Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri mwaka 2023. Nchini Tanzania, bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limebadilisha hesabu ya umeme uliopo. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni karibu kilomita 190. Hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Kwa kipimo cha Ulaya, safari ya kwanza ingekuwa na vituo vitatu na ya pili zaidi ya kumi. Havijajengwa bado, na hiyo ndiyo nafasi iliyopo.

Afrika Mashariki pia ina uzoefu wake wa kuufuata mwili wa dereva mahali unaposimama. Tangu miaka ya mwanzo ya UKIMWI, wataalamu wa afya ya jamii walitambua kwamba dereva wa lori hawezi kufika kliniki inayofungwa saa tisa alasiri mjini. Shirika la North Star Alliance, lililoanzishwa mwaka 2006, liliweka kliniki ndogo zilizotengenezwa kwa makontena kandokando mwa barabara kuu za Afrika, zikiwemo za Kenya, ili dereva apime shinikizo la damu, malaria na virusi vya UKIMWI pale anapoegesha. Kituo cha kuchaji kitamweka dereva mahali pamoja kwa nusu saa, akiwa hana kazi nyingine. Ni vigumu kupata fursa nzuri zaidi ya kumpima shinikizo la damu na sukari.

Hivyo basi, kibali cha kujenga kituo cha kuchaji kwenye barabara kuu kinastahili kuwa na masharti ya afya yaliyoandikwa: vyoo safi vinavyofunguliwa saa 24, vya wanawake na wanaume mbalimbali na kimoja cha watu wenye ulemavu; maji ya kunywa; paa la kivuli na taa za usiku; mahali pa kujinyoosha na kulala dakika 15 bila hofu ya wizi; chombo cha kutupia sindano; mtumishi aliyefunzwa huduma ya kwanza; na bango linaloonyesha hospitali iliyo karibu na namba ya dharura. Gharama ya yote hayo ni ndogo ikilinganishwa na ya kuvuta umeme wa kilowati 600.

Masharti hayo yanapaswa kuandikwa sasa, kwa kuwa muda wa kuchaji unazidi kufupishwa. Mwezi Machi 2025, kampuni ya BYD ya China ilitangaza chaja ya megawati moja inayoweza kulipa gari umeme wa kwenda kilomita 400 kwa dakika tano. Teknolojia hiyo ikienea, gari halitamlazimisha tena dereva kupumzika. Betri itakuwa tayari, naye atashawishika kuondoka na uchovu wake. Siku hiyo kitakachomkinga ni mambo mawili ambayo Ulaya imeyatanguliza kwa malori yake: sheria inayohesabu saa za uendeshaji bila kujali mashine inahitaji nini, na mahali pa kusimama panapomfanya mtu atamani kukaa.

Kwa dereva ambaye leo anasafiri kwa gari la mafuta, ushauri hausubiri chaja yoyote. Asimame kila baada ya saa mbili kwa dakika zisizopungua 15, atembee, anywe maji, aende haja. Akihisi kope zinakuwa nzito, au akishindwa kukumbuka kilomita chache zilizopita, aegeshe mahali salama, anywe kahawa na alale kidogo. Abiria naye anayo haki ya kumwomba dereva asimame, na si utovu wa adabu kufanya hivyo.